Jogoo wa Kuhamia na Mshahara wa Mashine

Uvumi ulikuwa huu: mashine itafanya kazi, na sisi tutakula mshahara wake.

Nilijaribu kuutoa kichwani, ukakataa. Nilienda kufua, ukanifuata mtoni. Niliimba kanisani, ukajibana kati ya ubeti wa kwanza na wa pili. Asubuhi nikifungua macho naukuta umeamka kabla yangu, umeshajifunga leso, unaningoja twende.

Walionisoma wiki iliyopita wanajua nilipoachia. Ni mwaka wa 1996. Mume wangu Elkanah amerudi nyumbani baada ya kiwanda cha pamba kufungwa, na mimi ndiye ninayelisha nyumba kwa kisu. Nachuna ngozi ya mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani, katika kiwanda cha samaki Homa Bay, meza moja na rafiki yangu Joyline. Halafu Jumanne moja likaletwa lile sanduku la mbao. Likafunguliwa. Ndani mna mashine ya kuchuna ngozi. Unaiwekea mnofu upande huu, unatokea upande wa pili uchi kama mtoto aliyeogeshwa.

Tulisimama na visu vyetu tukiitazama. Joyline akasema, "Hata haijikuni."

Alisema kweli. Haikujikuna, haikuomba ruhusa ya choo, haikuwa na mtoto mwenye surua nyumbani.

Fundi Mzungu aliyekuja nayo alikuwa kijana mwenye masikio mekundu. Joyline akamuuliza kupitia kwa msimamizi wetu, Bwana Monari: "Sasa hii ikifanya kazi yetu, sisi tutakula nini?"

Kijana wa watu alifikiri. Akasema kwao wapo wasomi wanaobishana juu ya jambo hilohilo. Wengine wao wanaona kwamba mashine zikichukua kazi, basi kila mtu alipwe kitu kila mwezi, awe na kazi au asiwe nayo, bila kuulizwa swali. Akasema ni wazo tu, hata kwao halijafanyika.

Monari alitafsiri yote. Alitafsiri vizuri, sina lawama naye. Lakini hilo la mwisho alilisema wakati sisi tumeshaanza vigelegele.

Vigelegele vilipotulia, Monari akaongeza la kwake. Chumba cha kufungasha kinafunguliwa, kuna kazi ya mizani na barafu, lakini nafasi si za wote. Anayetaka alete jina kabla ya Ijumaa jioni. Kazi inaanza Jumatatu saa nne asubuhi, na asiyefika, nafasi yake itapewa mwingine hapohapo.

Ningelitaja jina langu dakika ile, leo ningekuwa na hadithi fupi.

"Jina la nini?" Joyline aliniuliza tukitoka. "Unataka kufanya kazi na huku unalipwa kwa kukaa? Watu watakuona mlafi."

"Fundi amesema ni wazo tu."

"Mama Frankline, hata wewe ulikuwa wazo la baba yako. Si ulizaliwa?"

Nilicheka mpaka nikaegemea ukuta. Na mtu akishacheka namna hiyo, ameshaamini nusu.

Fundi alikuwa amesema kila mtu. Tulipofika lango la kiwanda, ilikuwa kila mtu mzima. Tulipofika sokoni, ilikuwa kila dala. Kwetu mtu hahesabiwi peke yake kama kiazi, anahesabiwa ndani ya dala la fulani, boma lenye lango na mwenyewe. Mbegu zikiletwa, zinaletwa kwa dala. Mahindi ya njaa, kwa dala. Sasa mshahara wa mashine ungepita njia gani nyingine?

Hapo ndipo baridi iliponishika. Sisi hatukuwa na dala.

Tulikuwa tunaishi katika dala la marehemu baba mkwe, kwenye kile kinyumba kidogo karibu na lango ambacho Elkanah alijenga akiwa kijana. Mwenye dala sasa ni mama mkwe, Mama Truphena. Na hatungeweza kuhama, kwa sababu mdogo hamtangulii mkubwa. Mkubwa ni shemeji Cephas, anayevua samaki kisiwani Takawiri. Mke wake wa kwanza alimkimbia, na tangu hapo Cephas hakuwa na haraka ya jambo lolote chini ya jua.

Kwa hivyo mshahara ukija, wote unatua mkononi mwa mama mkwe.

Jioni ile nilimkuta Mama Truphena anapepeta mtama. Habari zilikuwa zimenitangulia.

"Nyar Suna," akaniita, binti wa Suna, maana nilizaliwa huko Migori na kwetu mke huitwa kwa alikotoka. "Nasikia nitakuwa tajiri."

"Nasikia hivyo, mama."

"Usijali. Kila mwisho wa mwezi utakuja, utapiga magoti vizuri, nitakuonjesha."

Alikuwa anacheka. Mimi sikucheka.

"Kwani wewe unaamini, mama?"

"Wazo si geni," akasema. "Baba yenu alipofika ufukweni na mtumbwi, aliyevuta kamba alipewa samaki. Na mjane aliyekaa tu juu ya jiwe alipewa samaki. Hakuna aliyemuuliza amevuta nini. Ziwa si la mtu mmoja. Sasa kama mashine nayo inakula ziwa, kwa nini isimpe mjane samaki?"

"Kwa hivyo unaamini."

"Naamini samaki akiwa kwenye sufuria, nyar Suna. Akiwa majini namwamini Mungu."

Ningekuwa na akili ningesikia nusu ya pili. Nilisikia ya kwanza tu.

Elkanah alikuwa mgumu siku ya kwanza. Ni shemasi, mtu wa kupima maneno.

"Tutoke kabla ya Cephas?" akauliza. "Unajua inaitwaje hiyo?"

Najua. Inaitwa chira, laana ya kuvunja utaratibu, nayo haili mkosaji, inaanza na mtoto wake. Nina mtoto mmoja wa kiume, Frankline.

Lakini nikafikiri pia juu ya mwaka utakaokuja, Frankline akiingia sekondari, baba hana pamba na mama hana mbuta. Njaa nayo inaanza na mtoto.

"Tumwombe Cephas ruhusa," nikasema. "Atume neno tu kwamba anatuachia njia. Wengine wamefanya hivyo."

Elkanah akampa ujumbe mvuvi mmoja anayevuka. Jibu likarudi kesho yake, fupi kama kawaida ya Cephas: "Ngojeni nije."

"Amekubali," nikasema.

"Amesema tungoje."

"Angekuwa amekataa angesema msithubutu. Ngojeni ni neno la mtu aliyekubali lakini ana nyavu za kushona."

Alhamisi nikaenda Suna. Nilitaka uhakika, nisije nikasema sikuonywa. Joyline alikuwa ameapa kwamba Migori wameshaanza kuhesabiwa, dala kwa dala, kaka yake amewaona watu wa kuhesabu kwa macho. Nikafikia kwa dada yangu Priscilla, anauza vikombe na sahani sokoni.

Aliponiona akaacha wateja wake akanikumbatia kwa nguvu ambayo hajawahi kunikumbatia nayo.

"Umeniletea nini?" akasema. "Ninyi wa Homa Bay ndio mmeanza kupokea, na hata salamu hamtumi."

"Sisi? Si ninyi mlianza?"

"Mama Frank, usifiche ndugu yako. Jana mama mmoja hapa alisema Homa Bay watu wameacha kuamka mapema. Wanaulizana tu leo tule nini, wali au chapati."

Tukatazamana. Mtu mwenye akili timamu, akigundua kila mji unaota ndoto ya mji mwingine, anarudi nyumbani kuandikisha jina lake. Lakini Priscilla alikuwa na furaha kubwa mno. Akanifungia sahani sita kwenye gazeti, nitamlipa mshahara ukifika. Muuza sabuni wa jirani akasikia, naye akataka kunikopesha. Mzee mmoja Mkuria, Werema, aliyekuwa ananunua kikombe, akaniuliza kwa heshima kama huo mshahara unahesabiwa kwa boma au kwa ng'ombe, maana kama ni kwa ng'ombe yeye ametosheka, anaweza kuketi.

Niliondoka Suna nikiwa na sahani, sabuni, na imani kubwa kuliko niliyoenda nayo. Nilijiambia: watu wote hawa hawawezi kuwa wajinga kwa pamoja. Wanaweza. Naandika nikiwa shahidi.

Ijumaa kiwandani Joyline alikuwa na furaha. "Leo ndiyo siku ya majina," akasema. "Mwache Monari akae na kalamu yake peke yake."

"Nimemwacha," nikasema, na nikapita mlango wa Monari kama mtu anayepita duka la jeneza.

Sasa nisikilizeni juu ya majogoo.

Mtu akihamia dala jipya kwetu, hatoki mikono mitupu. Mwana wa kwanza anabeba shoka. Mke anabeba moto. Na lazima awepo jogoo, alale ndani ya nyumba hiyo mpya, na alfajiri awike. Jogoo akiwika, dala limesimama. Asipowika, mmejenga banda.

Na sikuwa mimi peke yangu niliyepiga hesabu ya dala. Wiki ile kila mtu aliyekuwa akisema atahama mwakani aligundua mwakani ni mbali. Vilima vya upande wetu vikajaa vijumba vya udongo mbichi. Shoka lilikopwa na watu wanne kwa siku moja. Wanaume waliokuwa hawasemezani na wake zao wa kwanza walianza kuwaita mpenzi, kwa maana dala haliingiwi bila mke wa kwanza.

Nilipofika soko la Rodi Kopany, jogoo hakuna. Nilipita mstari mzima wa kuku, tetea watupu wananitazama. Mama mmoja akanivuta pembeni nyuma ya magunia ya makaa.

"Unatafuta mume wa kuku?"

"Natafuta."

"Nina mmoja. Lakini usimfunue hapa, watu watapigana."

Alikuwa amefunikwa kitambaa kapuni. Nikapenyeza mkono, nikapapasa kilemba, nikapapasa mkia. Jogoo. Nikalipa bei ya mbuzi mdogo, nikaondoka haraka kama mwizi.

Jumapili tukahama. Elkanah akasimamisha nyumba kwa siku moja akisaidiwa na ndugu wa kanisa, ambao nao walikuwa na haraka kwa sababu walikuwa na nyumba zao za kusimamisha. Frankline akabeba shoka. Mimi nikabeba moto, na sahani za Priscilla kichwani. Mjomba wa Elkanah akatupa baraka huku akitazama jua, maana alikuwa akingojwa kubariki dala lingine ng'ambo ya kijito.

Niliipenda ile nyumba, siwafichi. Ukuta ulikuwa bado unanuka mvua. Nilisimama mlangoni nikatazama ziwa kutoka juu, na nikajiona nimekaa pale kesho yake, na mwezi ujao, na mwezi wa baadaye, sina kisu mkononi, vidole havinuki, mtu amekuja na daftari akauliza hapa ni kwa nani, nami najibu. Mpaka leo nikikumbuka nacheka peke yangu. Si ndoto mbaya. Nani alisema mtu lazima anuke samaki ndiyo ale samaki?

Alfajiri tukaamka kumsikiliza jogoo.

Kimya.

Majogoo wa vilima vingine wakawika, mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaoitwa majina shuleni. Wetu akasimama juu ya kigoda, akanyoosha shingo, akafungua mdomo. Hakutoa kitu. Akafunga.

"Anajiandaa," nikasema.

Elkanah akamsogelea, akamtazama koo. "Mama Frankline, huyu kuku amekatwa au amezaliwa hivi, lakini sauti hana."

"Mpe maji."

Tukampa maji. Akanywa, akashukuru kwa macho. Kimya.

Mwanga ulikuwa unaingia. Chini ya kilima moshi ulishatoka jikoni kwa Mama Truphena, na mtu akishawasha moto alfajiri anasikiliza vilima. Nikamtazama Elkanah. Elkanah akanitazama.

"Hapana," akasema.

"Mtoto wetu amelala ndani ya hii nyumba."

"Mimi ni shemasi."

"Mara moja tu, baba. Ya pili si lazima."

Akatoka nje. Akazunguka nyuma ya nyumba. Nikasikia anakohoa, anasafisha koo. Kisha mume wangu, mtu mzima, msomaji wa somo la Sabato, akawika.

Frankline alianguka kutoka kitandani. Mimi niliuma leso ili nisipige kelele ya kicheko. Na kutoka chini ya kilima, sauti ya Mama Truphena ikapanda, tulivu kabisa:

"Elkanah, huyo jogoo wako ana kifua. Mpe asali."

Tulicheka. Tulicheka mpaka tukakaa chini wote watatu, jogoo katikati yetu akituangalia mmoja mmoja. Naliandika hili kwa sababu ndiyo mara ya mwisho tulipocheka hivyo mwaka ule.

Jua lilipokuwa limeshapanda, Mama Truphena akaja mwenyewe. Hakuingia, si desturi. Alisimama nje ya lango letu la miti miwili, ameegemea fimbo.

"Nyar Suna, wewe bado uko hapa?"

"Niende wapi, mama? Ni siku ya kwanza. Mke akitoka nje ya lango siku ya kwanza moto unazimika, si unajua?"

"Najua. Nimezimiwa na kuwashiwa kabla hujazaliwa." Akahema. "Ijumaa nilishuka kiwandani. Nilimkuta yule Mkisii, Monari, amekaa na kalamu. Nikamuuliza juu ya huo mshahara. Akaniambia, mama, ile mashine haina hata kibarua, itamlipa nani? Nikamwambia basi andika mke wa mwanangu. Akaandika, akasema atakuambia mwenyewe. Saa nne wanaanza."

"Umeandikisha jina langu?"

"La mwisho. Nafasi ilikuwa imebaki hiyo moja. La kwanza kabisa pale juu lilikuwa la rafiki yako Joyline. Monari anasema alilileta Jumanne ileile, kabla hata hamjafika sokoni."

Nilishika mti wa lango. Jumanne. Alipokuwa akiniuliza jina la nini, lake lilikuwa limeshakauka wino.

"Nenda sasa," mama mkwe akasema. "Ukikimbia utafika."

"Akitoka," Elkanah akasema nyuma yangu, sauti haina tena ucheshi, "sina dala. Nitakuwa nimemtangulia kaka yangu na nimevunja nyumba siku hiyohiyo. Na mnajua nani analipia."

Frankline alikuwa amesimama mlangoni na shoka bado mkononi.

Nilikuwa nafikiri. Naapa nilikuwa nafikiri. Kisu kimekwenda, mshahara wa mashine haupo, imebaki nafasi moja ya barafu na mizani, na kati yangu nayo ipo miti miwili tu na mwanangu.

Ndipo tukasikia jogoo anawika.

Si wetu. Huyu alikuwa na sauti ya kuamsha kisiwa. Alikuwa anapanda kilima, na chini ya jogoo kulikuwa na mkono, na mkono ulikuwa wa shemeji Cephas. Bega lingine lilikuwa na shoka. Nyuma yake alikuwa yule mke wake aliyemkimbia, amerudi, amebeba moto kwenye chungu, anapumua kwa shida.

Cephas akasimama mbele ya lango letu. Akautazama ukuta mbichi. Akamtazama Elkanah, akamtazama mtoto, akanitazama mimi niliyeshika mti, mguu mmoja ndani na mwingine karibu kutoka.

"Nilisema mningoje," akasema. "Nani amenitangulia?"

Akanielekezea kidevu.

"Shemeji, hapo uliposimama usisogee. Ukitoka una kesi na mume wako. Ukirudi ndani una kesi na mimi."

Na mbali kule chini, kiwandani, king'ora cha saa nne kikalia.

Akina mama mnaosoma, nawaandikia mjiepushe na haya:

Usiache kisu chako kabla hujaona sahani.

Usiende mji wa pili kuulizia uvumi. Utaukuta umeshafika, nao wanauulizia kwako.

Usimsikilize rafiki anayekuambia usiandike jina mpaka umwone yeye hakuandika.

Usikope sahani kwa chakula ambacho hakijapikwa.

Usinunue jogoo aliyefunikwa. Mwambie awike kwanza.

Usilidharau wazo la yule fundi kwa sababu ya upumbavu wetu. Mjane juu ya jiwe bado anahitaji samaki. Ila usilihamie kabla halijajengwa.

Usisikie nusu moja ya maneno ya mama mkwe.

Na ukijikuta langoni, king'ora kinakuita upande huu na mwanao yuko upande ule na shoka mkononi, usifanye haraka kama nilivyofanya mimi. Nilikimbilia upande gani, nitawaambia wiki ijayo.